Rimu za lori la marehemu baba zimenigombanisha na kaka yangu

Shikamoo mshauri,

Barua yangu inahusu rimu za lori, lakini naomba uisome hadi mwisho kwa sababu inamhusu pia kaka yangu, ambaye kwa sasa hatusemeshani.

Baba yetu alipofariki alituachia lori lake la mwaka 1962, mimi na kaka, kwa majina yetu wote wawili. Lori hilo ndilo lililotulea. Kaka aliacha shule akiwa bado kijana akawa utingo wa baba, na fedha za mizigo waliyobeba wao wawili ndizo zilizonilipia karo mpaka nikamaliza chuo. Leo ninafanya kazi kwenye stoo ya vipuri vya magari makubwa, kwa hiyo vyuma si vigeni kwangu. Kaka naye ana mikono ya baba. Akisikia injini inakohoa anajua tatizo liko wapi kabla hajafungua boneti.

Lori lilikaa juu ya mawe kwa miaka mingi, hatimaye tukakubaliana kulifufua. Injini inawaka, breki tumezifanya upya, bodi imepigwa rangi ile ile ya zamani. Nia yetu ni kulitoa barabarani kwa safari fupi, kulipeleka kwenye maonyesho ya magari ya zamani na mara moja moja kubeba mzigo mwepesi. Tumekwama kwenye magurudumu.

Tairi zake ni 9.00-20, za tyubu na flapu, na kila rimu ni ya vipande vitatu: rimu yenyewe, pete ya pembeni inayoshika ukingo wa tairi, na pete nyembamba ya loki iliyokatwa sehemu moja, inayokaa kwenye mfereji wa rimu na kuzizuia zile nyingine zisitoke. Nilipopitisha bisibisi kwenye mfereji wa gurudumu moja, kutu ilitoka kwa magamba. Gurudumu jingine pete yake ya loki haijakaa sawasawa: mwanya wa pale ilipokatwa ni mpana kuliko wa zile nyingine, na alama iliyogongwa juu yake hailingani na ya rimu. Nadhani waliichukua kwenye gari jingine zamani hizo, walipokwama njiani.

Fundi pancha wa kwanza tuliyempelekea alizitazama akarudi nyuma. Aliniambia, "Dada, hizi sizigusi. Nina watoto." Wa pili alisema tulete tu, atazijaza upepo hapo hapo chini. Huyo wa pili ndiye aliyeniogopesha zaidi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta rimu za kisasa za kipande kimoja, zisizotumia tyubu, saizi 22.5, na nimepata seti kamili pamoja na tairi za 10R22.5. Fedha ninazo, nimejiwekea akiba. Nilipomweleza kaka alikataa katakata. Alisema lori likivuliwa viatu vyake si lori la baba tena, ni lori lolote tu. Alisema yeye na baba walizifungua na kuzifunga rimu hizo ujana wake wote na hakuna aliyekufa. Kisha akaniambia neno ambalo bado linanichoma: "Wewe ulikuwa darasani, hukuwepo."

Mshauri, ni kweli sikuwepo. Ila nikiwa likizo niliwaona. Baba alikuwa na mnyororo mzito alioutunza chini ya kiti. Kila alipojaza upepo aliuzungusha kwenye gurudumu, akaupitisha katika matundu ya rimu, akalilaza gurudumu upande wa pete ukiangalia chini, akatufukuza sote tusimame mbali. Kaka anautaja mnyororo huo kama ushahidi kwamba baba alikuwa na njia yake na ilifaa. Mimi ninauona kama ushahidi kwamba baba aliziogopa.

Kilichotufikisha hapa kilitokea hivi karibuni. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta mtoto wa kaka, kijana wa miaka 17, amechuchumaa mbele ya gurudumu la akiba, anagonga pete ya loki kwa nyundo ili ikae sawa, na tairi lina upepo. Uso wake ulikuwa sentimita chache tu kutoka kwenye pete. Nilipiga kelele nikamvuta shati mpaka likachanika. Kaka alikuja mbio, na alipoelewa kilichotokea alikasirika kwamba nimemdhalilisha mwanawe mbele ya majirani kwa kitu ambacho "wanaume wa nyumba hii wanakijua." Toka hapo haji kwenye lori nikiwepo, na kijana ananikwepa.

Mama amekaa kimya. Nikimwuliza ananiambia lori ni lenu, zungumzeni.

Kaka anasafiri kikazi mwezi ujao. Ninafikiria kununua seti ile na kuifunga wakati hayupo. Akirudi akute kazi imekwisha. Najua atakasirika, lakini nasema heri hasira kuliko maziko. Wakati mwingine ninafikiria kumwachia lori lote nijitoe, ila nikijitoa kijana yule atabaki na nyundo yake. Nifanye nini?

Binti wa Dereva
(jina tumelihifadhi)


Marahaba mwanangu, na pole. Pole kwa kumpoteza baba, na pole kwa kukosana na kaka juu ya kitu mlichokifufua kwa mikono yenu wenyewe.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza kama ufunge rimu mpya kaka akiwa safarini, au umwachie lori ujitoe. Kabla sijaigusa njia yoyote kati ya hizo, nimeketi na mtu aliyezeeka kwenye kazi ya magurudumu ya malori, nikamsomea sehemu ya barua yako bila kutaja lolote la kukutambulisha. Mengi ya upande wa vyuma utakayoyaona hapa ni yake. Ya upande wa ndugu ni yangu.

Nianze na yule kijana, kwa sababu hapo ndipo fundi wangu alipoweka kikombe chini. Pete ya loki haigongwi ikiwa tairi lina upepo, hata kidogo, hata kwa nyundo ya mpira. Ukichukua eneo la ubavu mmoja wa tairi la saizi yenu ukalizidisha kwa presha ya psi 90, msukumo unaopatikana unazidi tani 10, na pete ile ni sehemu ya kinachouzuia. Ikichomoka haimpi mtu nafasi ya kukwepa. Kwa hiyo siku ile ulipomvuta shati ulikuwa sahihi. Naomba usiihesabu siku hiyo kama sehemu ya ugomvi wa rimu. Hata kaka akishinda hoja zake zote kuhusu rimu za baba, hilo la nyundo linabaki pale pale.

Lakini mwanangu, kuwa sahihi kuhusu nyundo hakukufanyi uwe sahihi kuhusu mengine yote. Niruhusu nikuulize maswali machache.

Umeandika kana kwamba kila rimu ya vipande ni bomu linalosubiri saa yake. Fundi wangu hakubaliani nawe kikamilifu. Anasema kuna rimu za vipande na rimu za vipande. Zipo zile za vipande viwili vinavyoshikana katikati, chini ya tairi, mahali ambapo jicho halifiki likishafungwa. Mojawapo ilijulikana kwa jina la RH-5°, na mafundi wengi duniani hawataki hata kuiona. Ingekuwa hizo, barua yangu ingekuwa fupi sana. Zenu, kwa maelezo yako, ni za vipande vitatu, na pete yake ya loki inaonekana kwa nje. Aina hiyo imebeba mizigo ya dunia kwa miongo mingi, na mpaka leo mitambo mikubwa ya migodini na ya kuchonga barabara inatembea juu ya rimu za vipande. Hatari yake inajikusanya kwenye saa chache: wakati wa kujaza upepo, wakati wa kufungua, na pale tairi linapotembezwa likiwa halina upepo wa kutosha halafu mtu akaliongeza pale pale bila kulifungua na kulikagua. Kutu uliyoiona kwenye mfereji, na ile pete iliyotoka gari jingine, ndiyo mambo yanayoigeuza rimu ya kawaida kuwa ya kuua. Vipande havichanganywi. Kama alama hazilingani, kipande hicho hakirudi kwenye gurudumu, hata kama kimeingia bila shida.

Nikigeukia upande wa pili, unaandika pia kana kwamba ukishafunga zile za kipande kimoja hofu imekwisha. Marekani walitunga kanuni ya kazi hii mwaka 1980, namba 1910.177, wakazilenga rimu za vipande peke yake. Mwaka 1984 waliipanua ikazikamata na za kipande kimoja za magari makubwa, kwa sababu nazo tairi zake zilikuwa zikipasuka na kuwaumiza watu. Kijana anayechuchumaa mbele ya tairi lisilo na tyubu wakati linajazwa, tena tairi lililokwisha kutembezwa bila upepo, yuko hatarini pia. Nasema hivi ili usije ukanunua seti mpya ukaacha tabia za zamani zikiendelea juu yake.

Halafu kuna suala la kama zitaingia. Unafanya kazi stoo, utanielewa upesi kuliko mimi nilivyoelewa. Saizi yenyewe umeipata: 10R22.5 ndiyo inayokwenda badala ya 9.00-20, na urefu wa tairi unakaribiana sana, kwa hiyo spidomita na madigadi havitakusumbua. Maswali ya fundi wangu yalikuwa mengine. Je, umepima duara la matundu ya boliti, na tundu la katikati, dhidi ya habu za mwaka 1962? Rimu zenu za sasa zinakaa katikati kwa msaada wa nati zenye kichwa cha duara au koni, au zinashikwa na habu yenyewe? Nyingi za kisasa zinabebwa na habu na hufungwa kwa nati bapa. Ukizifunga kwenye studi za mfumo wa zamani kwa nati za zamani zitaonekana zimekaza, kisha zinalegea njiani. Mwanya kati ya tairi pacha za nyuma utabaki wa kutosha zisigusane zikibeba mzigo? Rimu itapita juu ya drami ya breki bila kukwaruza? Uwezo wa mzigo na presha uliogongwa kwenye rimu unalingana na tairi? Na kuna jambo dogo ambalo huwaadhibu wengi: malori mengi ya miaka hiyo yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume. Mtu asiyejua huzikaza akidhani anazifungua, mpaka studi inakatika.

Ikiwa majibu yote ni mazuri, rimu mpya zinaingia na kutoka bila kuchonga wala kutoboa chochote, na lori linaweza kurudishiwa zile za zamani siku yoyote. Ikiwa itabidi habu zibadilishwe au zitobolewe upya, hapo umegusa mwili wa lori. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa ya kumwomba kaka, nami sijaona kwenye barua yako kama yeye anajua ni lipi kati yake unalomwomba.

Sasa nije kwa kaka mwenyewe. Umenipa picha ya mtu mkaidi. Lakini katika barua hiyo hiyo umenipa picha nyingine, na nadhani hukukusudia: kijana aliyeacha shule ili mdogo wake asome, akaishi utoto wake kwenye bodi ya lori, mikono ikinuka grisi. Alichokipata badala ya cheti ni ujuzi. Anajua rimu hizi. Mdogo wake aliyesomeshwa kwa jasho lake anapokuja na seti mpya na fedha zake mwenyewe na kusema za baba hazifai, huenda masikio yake hayasikii habari za chuma. Huenda anasikia kwamba miaka ile yote alikuwa akifanya ujinga, na kwamba alipona kwa bahati. Neno alilokuambia, "hukuwepo", limekuchoma, na lina haki ya kukuchoma. Lakini jaribu kulisikia pia kutoka upande wake: yeye alikuwepo, na kuwepo kwake kulikuwa na gharama. Sisemi ndivyo ilivyo, wewe ndiye unayemjua. Nasema tu sijaona mahali ulipomwuliza.

Na huo mnyororo. Mnaubishania kana kwamba mmoja wenu lazima awe amekosea, nami naona nyote mmeona kitu kile kile. Mzee alikuwa na njia, na alikuwa na njia kwa sababu alijua anachokishika. Alilaza pete chini, alifunga mnyororo, aliwafukuza watoto. Huyo ni mtu makini aliyetumia kilichokuwepo. Fundi wangu anasema mnyororo peke yake leo hautoshi: kizimba cha chuma cha kujazia tairi kinatakiwa kihimili nguvu ya kutengana kwa rimu hata presha ikifika asilimia 150 ya kiwango cha juu cha tairi, na bomba la upepo linatakiwa liwe refu, lenye kibano kinachojishika kwenye vali na koki ya mbali, ili anayejaza asimame nje ya njia ya pete. Baba hakuwa na vitu hivyo. Swali ninalotamani umwulize kaka, kwa sauti ya kutaka kujua kweli, ni hili: "Baba alikufundisha nini kuhusu mnyororo?" Yeye ndiye pekee aliyebaki anayeweza kulijibu. Sidhani utapata jibu la mtu asiyejali.

Nikirudi kwenye njia zako. Ile ya kufunga rimu akiwa safarini naielewa inatoka wapi. "Heri hasira kuliko maziko" si maneno ya mtu mwenye hila. Lakini lori ni la majina mawili, na akirudi akakuta limebadilishwa, hoja yake kwamba hukumhesabu itakuwa imepata ushahidi. Huenda akazirudisha za zamani kwa hasira, peke yake, usiku, bila kizimba wala mnyororo. Na kama kipimo kimoja kati ya nilivyovitaja kitakuwa kimekosewa, utakuwa umekosea mbele ya mtu ambaye tayari anasema huyajui magurudumu. Hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi kwa chuma, na huenda ndiyo ndefu zaidi kwa undugu. Wewe ndiye utakayeishi nayo, kwa hiyo ipime kwa mizani yako.

Ya kujitoa umeijibu mwenyewe: kijana anabaki na nyundo yake.

Ziko njia mbili ambazo hukuzitaja. Ya kwanza ni kubaki na rimu za baba lakini kwa masharti magumu. Kila gurudumu lifunguliwe, kila kipande kisafishwe mpaka kwenye chuma kitupu kabla ya rangi, maana rangi nene hufunika ufa. Mfereji ukaguliwe kwa mwanga mzuri, alama zioanishwe, na chochote kilichopasuka, kupinda au kuliwa na kutu kikatwe kabisa ili mtu mwingine asije akakiokota na kukitumia. Akitokea mtu wa kusema ufa unachomelewa, huyo si fundi wa kazi hii. Rimu haichomelewi wala haipashwi moto. Tairi, tyubu na flapu ziwe mpya, na kazi ifanyike kwenye karakana yenye kizimba. Rimu mpya za vipande vitatu bado zinatengenezwa kwa baadhi ya saizi, na huenda zikaziba pengo la zile zitakazokataliwa, sura ya lori ikabaki ile ile. Udhaifu wa njia hii uko barabarani. Pancha ikitokea mbali na nyumbani, ni nani atakayezigusa? Fundi wa kwanza uliyekutana naye atakataa, na yule wa pili atakubali. Labda mtakubaliana kwamba njiani haifunguliwi rimu yoyote, linabadilishwa gurudumu zima kwa la akiba na lililotoboka linarudi karakana. Hata hapo, kwenye pacha za nyuma, tairi likiwa limeharibika zote mbili hutolewa upepo kabla ya kulegeza nati ya kwanza.

Ya pili ni kuwa na seti mbili. Za kisasa zivaliwe kwa safari, za baba zisafishwe, zipakwe rangi na kuhifadhiwa zikiwa vipande, bila tairi wala upepo. Inawezekana tu ikiwa vipimo vinaruhusu kuingia na kutoka bila kutoboa. Hasara yake ni gharama, na kwamba kaka anaweza kuiona kama njia ya kumnyamazisha kwa kumpa kitu cha kutundika ukutani. Ukimpelekea kama jibu lililokwisha kupikwa, huenda akaikataa hata kama ingemfaa. Yeye akiifikia mwenyewe kutokana na vipimo mlivyochukua pamoja, huenda ikawa yake kuliko yako.

Kuhusu kijana, nadhani unamdai neno moja naye anakudai jingine, na wewe ndiye mkubwa. Ulimwokoa, na ulimwaibisha. Yote mawili yalitokea kwa dakika ile ile. Anayekwepa shangazi yake mara nyingi anaona haya tu, hana chuki. Huhitaji kumwomba radhi kwa kumvuta. Unaweza kumwambia umeumia kwa shati na kwa kelele mbele ya majirani, kisha umweleze zile tani 10. Vijana wa umri wake wanapenda hesabu za namna hiyo. Zaidi ya hapo, alikuwa anajaribu kuisaidia familia kwa kitu alichodhani anakijua, na hakuna kati yenu aliyekuwa ameketi kumfundisha. Kaka anaweza. Wewe pia unaweza.

Nikitazama njia zote hizi, ya kubadilisha, ya kubaki na za baba, hata ya seti mbili, naona zinaanzia mahali pamoja: magurudumu yote yatolewe upepo na yafunguliwe yaonekane ndani. Hata anayetaka kuzitunza rimu hawezi kuzitunza bila kuziona. Hilo unaweza kumwomba kaka kabla hajasafiri, bila kumtaka akubali kitu kingine chochote. Mwombe ayatoe upepo yeye mwenyewe, wewe na kijana mkiwa mnamwangalia. Pini ya vali itolewe yote, isilegezwe tu, kisha waya mwembamba upitishwe kwenye tundu la vali kuhakikisha halijaziba. Anayefanya asimame upande wa tairi linapokanyagia ardhi, asikae mbele ya pete. Lile la akiba lililogongwa lianze, na mtu yeyote asilihamishe kabla ya hapo. Kufungua vipande vyenyewe kuachwe kwa karakana yenye kizimba, kaka akiwepo, kwa sababu akiiona kutu ile kwa macho yake haitakuwa tena maneno yako dhidi yake. Na ikiwa mfereji utakuwa mzima kuliko ulivyoogopa, utalazimika nawe kulikubali hilo.

Mkishaviona vipande vyote vimepangwa chini, niandikie tena unieleze alama zake na mlivyozipima habu, nami nitarudi kwa fundi wangu. Unieleze pia kaka alijibu nini kuhusu mnyororo.